Mapezi Yaliyokunjwa: Kuikisia Upya Meli ya Discovery

Nimeichora Discovery mara nyingi kwenye karatasi ya miraba, na kila ninapoichora mkono wangu husita mahali palepale: ubavuni mwa ule uti wa mgongo mrefu, ambapo palipaswa kuwa na kitu na hapana kitu. Ninazungumzia meli ya anga iliyoonekana katika filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, kazi ya mwongozaji Stanley Kubrick na mwandishi Arthur C. Clarke, ikiwa safarini kuelekea sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita. Mbele ina tufe jeupe wanamokaa watu, nyuma ina injini, na katikati ina mhimili mwembamba uliopangwa masanduku kama pingili za uti wa mgongo. Kwangu mimi hakuna meli ya kubuni iliyopata kuchorwa kwa uaminifu mkubwa zaidi kwa kanuni za fizikia, na ndiyo maana pengo hili moja limenisumbua kwa muda mrefu. Meli hii haina njia inayoonekana ya kutoa joto lake nje.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba anga za juu ni baridi kali, hivyo tunadhani kitu chochote kikitupwa huko kitaganda papo hapo. Ukweli unajulikana na kila aliyewahi kusahau chai ndani ya chupa usiku kucha, akafungua kizibo asubuhi na kukuta mvuke bado unatoka. Kuta za chupa ile ni mbili, na kati yake hewa imeondolewa. Pasipo hewa, joto halina wa kulibeba. Meli ya anga ni chai iliyomo ndani ya chupa ambayo ukuta wake wa nje ni ulimwengu mzima. Hakuna upepo wa kuipoza wala maji ya kuizamisha, na njia pekee iliyobaki ni kuliacha joto litoke polepole kama mnururisho, namna ileile unavyolihisi joto la kaa la moto ukikitega kiganja pembeni yake bila kuligusa.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinalijua jambo hili vizuri. Paneli zake nyeupe, ambazo watu wengi hawazitambui kwa sababu macho yao huvutwa na zile kubwa za kukusanya mwanga wa Jua, husukumiwa amonia inayobeba joto kutoka ndani, na mfumo huo mkuu uliundwa uweze kutoa takriban kilowati 70. Hicho ni kituo kisicho na kinu cha nyuklia wala injini inayokisukuma hadi sayari nyingine. Discovery ina vyote viwili.

Wabunifu wa Discovery hawakusahau. Riwaya ya Clarke, iliyotoka mwaka huohuo wa 1968, inaitaja meli hiyo ikiwa na mapezi ya kupozea yaliyopangwa kwa umbo la V, na michoro ya awali ya filamu ilikuwa nayo pia. Yaliondolewa kwa hofu kwamba watazamaji wangeyaona kuwa mabawa, kisha wakajiuliza mabawa yana kazi gani mahali pasipo hewa. Naielewa hofu hiyo, ingawa sikubaliani nayo. Mtazamaji aliyevumilia ukimya wa dakika nyingi, bila mlio wowote kwa sababu angani hakuna sauti, angeweza pia kuvumilia mapezi asiyoyaelewa. Lakini uamuzi ulishapita, na swali ninalotaka kulijibu hapa ni jingine: je, Discovery kama tulivyoiona inaweza kutetewa? Je, kuna muundo ambao ndani yake mapezi yapo, ila hatukuyaona?

Tuanze na mhimili mrefu wenyewe, kwa maana humo ndimo hesabu yote imo. Kinu cha nyuklia kinapofanya kazi humwaga nyutroni na miale ya gama kila upande, na njia mbili za kuwakinga watu ni umbali na ngao. Umbali una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa: ukihama kutoka mita 10 hadi mita 100, nguvu ya mionzi inayokufikia hupungua mara 100. Ngao nayo ni nzito mno kuweza kukizungushia kinu kizima, kwa hiyo wahandisi huweka kipande kimoja kinene upande unaowatazama watu tu, na nyuma ya kipande hicho hutokea kivuli chenye umbo la pia, chembamba karibu na kinu na kipana kadiri unavyokwenda mbele. Watu huishi ndani ya kivuli hicho. Kwa hiyo Discovery si ndefu kwa ajili ya madaha. Imerefushwa ili tufe liwe mbali na moto na litoshe ndani ya kivuli.

Na kwa nini nyuklia, wala si Jua? Mshtarii iko mbali na Jua zaidi ya mara tano ya umbali wetu, na mwanga unaofika huko ni sehemu moja tu ya 27 ya ule tunaoupata hapa. Juno, chombo halisi kilichorushwa mwaka 2011 na kinachoizunguka sayari hiyo kwa nguvu ya Jua, kina paneli tatu kubwa ambazo karibu na Dunia zingetoa takriban kilowati 14. Huko kiliko zilitarajiwa kutoa takriban wati 500. Hizo zinatosha kuendesha vyombo vya kupimia. Haziwezi kuisukuma meli yenye watu watano.

Sasa niweke makisio yangu mezani. Tuseme injini ya plasma, yaani ile inayorusha gesi ya moto sana kwa nguvu ya umeme, inahitaji megawati 10 za umeme. Mtambo wa kugeuza joto kuwa umeme haugeuzi lote. Nikiupa ufanisi wa asilimia 15, ambao kwa mtambo wa angani si kuudharau wala kuupendelea, kinu kinapaswa kuzalisha karibu megawati 67 za joto, na 57 kati ya hizo zitupwe nje. Hiyo ni zaidi ya mara 800 ya uwezo wa mfumo ule wa Kituo cha Kimataifa. Zikitupwa na mapezi yenye joto la kawaida la chumbani, nyuzi 27 za Selsiasi, mapezi hayo yangehitaji eneo la takriban mita za mraba 69,000, karibu viwanja kumi vya mpira wa miguu. Meli ingekuwa kidoa kilichoning'inia kwenye shuka.

Hapa ndipo kanuni moja nzuri inapotuokoa. Mnururisho wa joto hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikipimwa kwa kelvini, yaani kuanzia sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Ukiongeza halijoto mara mbili, kila mita ya mraba hutoa joto mara 16. Basi mapezi na yawe ya moto. Lakini ukiyafanya ya moto kupita kiasi, tofauti kati ya kinu na mapezi hupungua, na tofauti hiyo ndiyo inayozalisha umeme. Kuna mahali pa katikati, na kwa mtambo bora wa nadharia hesabu huangukia kwenye robo tatu kamili: eneo la mapezi huwa dogo kuliko yote pale halijoto yao inapokuwa robo tatu ya halijoto ya kinu. Kinu cha kelvini 1,200 kinataka mapezi ya kelvini 900, yaani nyuzi 627 za Selsiasi. Kwa halijoto hiyo kila mita ya mraba ya uso hutoa zaidi ya kilowati 33, pezi lina nyuso mbili, na viwanja kumi vya mpira vinasinyaa hadi mita za mraba 850 hivi.

Nilipoipata namba hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwa sababu ni ndogo kuliko nilivyotegemea. Mita 850 za mraba, zikigawanywa pande mbili za mhimili wa mita 100, ni ukanda wenye upana wa mita nne na robo tu kila upande. Meli yenye umbo la Discovery, kwa urefu wake tu, tayari ina mahali pa kuyaweka.

Ila ukanda wa upana mmoja hautafaa, na sababu ni kile kivuli. Chochote kinachochomoza nje ya kivuli cha ngao hupigwa na mionzi ya kinu na kuitawanya, na sehemu yake hurudi kwa watu waliokuwa wamekingwa. Kwa hiyo mapezi lazima yafuate umbo la kivuli: yaanze kwa ncha karibu na kinu, yapanuke kuelekea mbele, na yaishe nyuma ya tufe yakiwa mapana kama tufe lenyewe. Nikilipa tufe kipenyo cha mita 16, pembetatu hiyo ya urefu wa mita 100 ina eneo la mita za mraba 800. Nilihitaji 850. Kwa makisio yaliyofanywa kwa kalamu na karatasi ya miraba, kukaribiana huko kulinifurahisha kupita ninavyoweza kueleza. Tena mapezi hayo yawe bapa, yote katika ubapa mmoja, wala si V, kwa sababu nyuso mbili zinazotazamana hurushiana joto lilelile na kujibakizia sehemu ya mzigo zilioupewa ziutupe.

Umbo hili si ndoto yangu peke yangu. Mwezi Aprili 1965, kabla filamu haijaanza kupigwa, Marekani ilirusha SNAP-10A, mtambo mdogo wa nyuklia uliozunguka Dunia na kuzalisha umeme wa takriban wati 500 kwa siku 43. Kinu chake kilikaa kwenye ncha, ngao ikiwa chini yake, na ngozi ya kutolea joto ilikuwa koni iliyopanuka kadiri ilivyoachana na kinu, huku ndani yake ikizunguka metali ya majimaji, mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu. Kivuli kilikuwa kimekwisha kuwachorea wahandisi umbo. Discovery yangu ni jamaa yake aliyenyooshwa na kulazwa bapa.

Msomaji makini ataniuliza kama yote haya ni ya lazima, kwa kuwa kuna roketi za nyuklia zisizohitaji mapezi makubwa. Ni kweli. Katika aina iliyojaribiwa Marekani miaka ya 1960, haidrojeni hupitishwa katikati ya kinu, hupata moto na kutoka nyuma kwa kasi, ikiondoka na joto lake kama jasho liondokavyo na joto la mwili. Tatizo ni matangi. Haidrojeni ya majimaji ina uzito wa kilo 71 tu kwa mita ya ujazo, hivyo tani 100 zingehitaji nafasi ya mita za ujazo 1,400, na safari hiyo ingetaka mamia ya tani. Yale masanduku ya kwenye mhimili ni madogo mno kwa kazi hiyo. Wembamba wa Discovery wenyewe unashuhudia kwamba injini yake ni ya kubana matumizi, inayorusha gesi kidogo kwa kasi kubwa sana, na injini ya namna hiyo inataka umeme. Ninakisia kwamba masanduku yana amonia, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito unaokaribia mara kumi ya haidrojeni na ni rahisi zaidi kuihifadhi.

Basi mapezi yako wapi? Jibu langu ni kwamba yamekunjwa. Katika filamu hatuioni Discovery ikiwasha injini yake kuu. Tunaikuta ikiteleza kimya kwa mwendo ilioupata zamani. Meli inayoteleza haihitaji megawati 10. Inahitaji umeme wa taa, hewa, ile kompyuta ya HAL na watu wanaolala usingizi wa baridi, na nikiwa mkarimu nitasema kilowati 100, ambazo zote huishia kuwa joto. Tufe la mita 16 lina ngozi ya mita za mraba 800, na ngozi nyeupe yenye nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kutoa kama kilowati 300 kwa jumla. Hata Jua likiipiga, bado inabaki nafasi ya kutosha. Wakati wa kuteleza, tufe hujipoza lenyewe kwa ngozi yake.

Kinu kikizimwa hakipoi mara moja, kwa sababu mabaki ya atomi zilizopasuliwa ndani yake huendelea kutoa joto; baada ya siku moja hubaki takriban nusu asilimia ya nguvu ya awali. Kwa kinu changu hizo ni kilowati 335, na kwa halijoto ya mapezi zinahitaji mita za mraba 10 tu, ambazo zinaweza kukaa popote kwenye lile jengo la injini bila mtazamaji kuzitambua. Kwa hiyo meli tuliyoiona ni sahihi kwa wakati tuliouona. Inakuwa na kosa siku tu itakapotaka kupunguza mwendo kuingia kwenye mzunguko wa Mshtarii, na siku hiyo kuta za masanduku yale zingepaswa kufunguka pande mbili kuwa mapezi, ubao baada ya ubao, na baada ya saa chache mapezi yangeanza kuonekana gizani kwa wekundu hafifu wa kaa linalokaribia kuzimika. Nyuzi 627 ni moto wa kutosha kwa jicho kuuona. Ninahuzunika kidogo kwamba hakuna aliyeipiga picha hiyo.

Siwezi kuiacha meli hii bila kuingia ndani ya tufe, kwenye gurudumu linalozunguka ili kuwapa watu uzito. Kwa ajili ya filamu lilijengwa gurudumu la kweli nchini Uingereza na kampuni ya Vickers-Armstrong, lenye kipenyo cha takriban mita 11.6, likizunguka huku mwigizaji akibaki chini kama panya ndani ya gurudumu lake. Tunamwona Frank Poole, mmoja wa wanaanga wawili walio macho, akikimbia ndani yake na kurusha ngumi hewani. Angani, likizunguka mara tano kwa dakika, sakafu yake ingempa uzito kama wa Mwezini, sehemu moja ya sita ya uzito wa Duniani. Kupata uzito kamili wa Duniani kungehitaji mizunguko zaidi ya 12 kwa dakika, na kwa kasi hiyo kila ageuzapo kichwa angeona kizunguzungu. Kichwa chake, kikiwa karibu zaidi na katikati, kingehisi asilimia 69 tu ya kile ambacho miguu inahisi.

Lililonishangaza ni kukimbia kwenyewe. Kwa mizunguko mitano kwa dakika, ukingo wa gurudumu huenda mita tatu kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayekimbia taratibu. Poole akikimbia kwa kasi hiyo kufuata mzunguko, mwendo wake unakuwa maradufu na uzito wake unakuwa mara nne, theluthi mbili ya uzito wa Duniani. Akigeuka na kukimbia kinyume, anaufuta mzunguko wote. Kwa hatua chache miguu inaiacha sakafu, naye anabaki akielea huku gurudumu likipita chini yake. Mtu anayehofia mifupa yake kudhoofika safarini angechagua upande wa kukimbia kama achaguavyo uzito wa vyuma vya mazoezi. Sijui meli nyingine ya kubuni ambayo jambo dogo kama mbio za asubuhi lina fizikia tele namna hiyo.

Kinachobaki kunisumbua ni antena. Imesimama katikati ya mhimili, madishi yake yakiwa yamechomoza juu, na hadithi nzima inageuka pale kifaa chake kimoja kinapodaiwa kuwa karibu kuharibika na Bowman, mwenzake Poole, anatoka kwa kidau, chombo kidogo cha mtu mmoja, kwenda kukibadilisha. Milango ya vidau iko mbele ya tufe, na hapo ni mahali salama kabisa, ndani ya kivuli cha ngao. Lakini katikati ya mhimili kivuli changu kina upana wa mita nane, yaani mita nne tu kila upande kutoka kwenye mhimili, na antena ile inapita hapo. Kinu kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu zote, antena ingekuwa inawatawanyia mionzi watu wote watano, na Bowman mwenyewe angekuwa amesimama juani, kwa jua baya kuliko lile tulijualo. Ningeihamishia mbele, juu ya tufe, au ningeiwekea mlingoti unaolala injini inapowashwa na kusimama meli inapoteleza. Nimechora vyote viwili. Mlingoti unaolala unakubaliana na mapezi yanayokunjwa, na unaeleza ni kwa nini Bowman aliweza kwenda pale bila woga: meli ilikuwa inateleza, na kinu kilikuwa kimepunguzwa hadi karibu na kuzimwa.

Sijalimaliza suala la bawaba. Mapezi hayo yana mabomba ya metali ya majimaji yenye joto la kuyeyusha risasi, nayo yanapaswa kujikunja na kujikunjua bila kuvuja hata tone, baada ya miezi mingi ya baridi. Sodiamu tupu huganda chini ya nyuzi 98 za Selsiasi, hivyo bomba lililokunjwa lingeziba. Mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu uliotumika kwenye SNAP-10A hubaki majimaji hata chini kidogo ya sifuri, lakini humo kwenye giza la Mshtarii pezi lisilotumika litapoa kupita hapo. Kwa sasa nimechora tangi dogo kwenye shina la kila pezi, ambamo metali yote hurudishwa na kuwekwa vuguvugu kwa lile joto la mabaki ya kinu, huku mabomba yakibaki matupu hadi siku ya kufunguliwa. Bawaba yenyewe bado ni duara tupu kwenye karatasi yangu, lenye alama ya kuuliza pembeni.